Safu ya Saba

Kidato cha tatu, Simbo, kipindi baada ya chai.
Chaki ya mwezi huu inakatika kabla ya neno kuisha.
Nimeandika juu: UPANGAJI NA UDHIBITI WA UZALISHAJI,
nikapiga mistari kwa mkono, imepinda,
maana rula ya ubao iliazimwa na mwalimu wa fizikia
muhula uliopita. Hairudi.

"Kwanza njia: malighafi inapita wapi.
Pili ratiba. Tatu amri ya kuanza.
Nne kufuatilia."
Wanaandika. Nimekohoa, nahisi wameandika na kikohozi.

Kitabu kinatoa mfano wa kiwanda cha magari.
Nani hapa amekiona kiwanda cha magari?
Hata mimi sijakiona.
Nikafuta gari, nikachora mchikichi,
darasa likacheka: ufagio huo, mwalimu!

Basi wakanifundisha wao, nami nikajaza safu.
Kukata ngazi
(mimi wa Njombe nilidhani ni ngazi za kupandia).
Kuzifunika siku tatu, zilegee.
Kupukuchua.
Kuchemsha, usiku kucha.
Kukamua.
Kuchuja, na Jumatatu dumu liwe stesheni kabla ya treni.
Safu sita. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikazitazama
kama mtu aliyejenga.

"Kazi itakwama wapi?"
Ruhaga, bila kunyoosha mkono: "Kwenye mashine.
Mashine moja, foleni kijiji kizima."
Vema. Nikazungushia duara.

Ndipo Nyabenda akasimama, dawati la nyuma,
kucha zake bado zina rangi ya mawese.
"Mwalimu, sufuria hujaliandika."
Nikamwambia sufuria ni kifaa, si hatua.
"La kwetu liliondoka Ijumaa saa kumi.
Mzee Buhoma alifariki.
Likaenda kupika maharage ya msiba,
likaenda na kuni zetu, na mama, na mimi.
Tumerudi Jumapili, ngazi zimeota ukungu.
Mafuta yametoka makali, ya sabuni tu, nusu bei.
Treni imebeba dumu za wenzetu."

Kitabu, ukurasa uleule, kinasema:
linganisha mpango na kilichotokea,
tafuta chanzo cha tofauti, kirekebishe.
Nilifungua mdomo.
Nirekebishe nini? Nimwandikie marehemu barua ya onyo
kwa kutozingatia ratiba?

"Mama alikasirika?"
"Hapana." Akafikiri. "Kidogo, kwa ukungu.
Baba alipofariki yalikuja kwetu masufuria tisa.
Hatukuomba hata moja.
Mama ana alama za mkaa nyuma ya mlango:
ngazi ngapi, dumu ngapi,
sufuria la nani liko kwa nani.
Kila Ijumaa anauliza kwanza nani anaumwa,
halafu ndiyo anakata."

Darasa likatulia. Nje mbuzi wa mkuu wa shule
alikuwa anatafuna ua wa bustani ya klabu ya mazingira.
Nikachukua kipande cha chaki, cha mwisho,
nikapiga mstari mwingine baada ya kuchuja,
safu nyembamba, haikutosha hata kiganja.

"Hiyo inaitwaje, mwalimu?"
Nilitafuta neno. Dharura? Hapana,
dharura ni kitu usichokijua.
"Iacheni wazi," nikasema.

Ringi ikagongwa getini,
kipande pekee cha kiwanda cha magari tulicho nacho.
Wakatoka wakisukumana.

Jioni nasahihisha kwa taa ya simu.
Madaftari arobaini na matatu,
na katika arobaini na mawili safu ya saba
ina kichwa chake, kwa wino mwekundu,
kimepigiwa mistari miwili: WAZI.

Daftari moja halina kichwa.
Lina mwandiko mdogo, wa kuegemea kushoto:
*sufuria – kwa mama Buhoma. Tusiliulize
mpaka arobaini ipite.*

Nikaweka vema.
Kisha nikakaa na kalamu mkononi,
nikijaribu kukumbuka rula ile
niliichukua kwa nani kabla haijawa yangu.