Dakika Kumi na Tano, Mwaloni

Mteja wa leo ni mmoja, boti ina viti vinane.
Amelipia vyote. Bi. Mallya, wa Dodoma,
kofia pana, viatu vya kamba, daftari la mistari.
Saa kumi na mbili na nusu tunang'oa Kirumba,
tunaipisha mitumbwi ya dagaa inayorudi
na taa zake bado zinawaka, kwa kusahauliwa.

Kazi yangu ni kunyoosha mkono.
Nyuma yetu mawe ya Mwanza, jiwe juu ya jiwe,
na hakuna aliyeyapanga. Kile pale ni Bezi.
Hapa zamani furu walijaa hata hawakuhesabiwa samaki.
Sasa mwenye ziwa ni sangara:
minofu yake hupanda ndege, mifupa hubaki kwetu,
na bondo lake, kifuko cha hewa tu,
lina bei kumshinda yeye mzima.

Bi. Mallya anaandika. Haulizi neno.
Wateja wasiouliza hunitia hofu,
kama ziwa linapotulia ghafla saa tisa.

Nansio tunanunua machungwa.
Gatini vijana wanne wanapakia pikipiki,
imelala chali mikononi mwao kama mbuzi wa mahari.
Halafu tunazunguka hadi mwalo wa nyuma,
ambao kwenye karatasi ya safari umeandikwa:
*Saa sita na robo. Kukutana na mama mkaushaji dagaa.
Dakika kumi na tano.*

Mama mkaushaji dagaa ameinamia kichanja,
anazigeuza fedha zake kwa fagio la chelewa.
Nasema: Huyu ni mama wa hapa kijijini.
Sikudanganya. Nimeacha neno moja tu.

Ananipima tangu kiatu hadi kofia ya kampuni.
Anamtabasamia mgeni, ananisemesha mimi, Kijita kitupu:
Umekonda, Magafu. Hata simu?
Natafsiri: Anasema karibu sana.
Anasema: Bati la jikoni liliondoka na upepo wa Machi,
napika nimejifunika turubai.
Natafsiri: Anasema mvua ikinyesha, dagaa huharibika.
Anasema: Huyu ndiye mkwe, au ndiye bosi? Mbona ananizidi umri?
Natafsiri: Ameipenda kofia yako.
Anasema: Baba yako alikuwa mlevi,
lakini hakuwahi kunipita kama asiyenijua.

Hapo nikatafuta sentensi, sikuipata.
Nikakohoa.
Anasema, nikasema, ziwa siku hizi limebadilika.

Bi. Mallya amechutama. Anaokota dagaa mmoja,
anapuliza mchanga, anamtafuna na kichwa chake,
taratibu, macho ameyafumba.
Kalamu ameichomeka sikioni.

Dakika kumi na saba. Picha moja:
mgeni na mama wamesimama bega kwa bega,
mimi pembeni nimeshika begi la watu.
Mama anausukuma kwa mguu, mchangani, mfuko wa rambo,
kilo mbili, labda tatu, umefungwa fundo
ambalo ni yeye tu hulifunga hivyo.
Nauchukua bila kuinama sana.

Kurudi, injini inasema peke yake.
Ukerewe imekuwa mstari, kisha wazo la mstari.
Mfuko uko miguuni pangu na unanuka nyumbani.
Bi. Mallya anavua kofia, nywele ni mvi tupu.
"Mallya ni jina la ndoa," anasema, anayaambia maji.
"Mimi nimezaliwa Bukima."

Mkono wangu, ule wa kuonyesha, unatafuta pa kukaa.

"Jiko la mama yako linataka mabati mangapi?"

Miaka sita naongoza wageni.
Najua kina cha ghuba, majina ya visiwa visivyo na watu,
bei ya bondo kwa gramu, leo na wiki iliyopita.
Manane, nasema. Nakisia.

Anafungua daftari, analamba kidole,
anaandika kumi.