Ghafla

Neno la kwanza aliloligombeza
lilikuwa fupi: ghafla.

Mwaka ule Bi Kalunde alikuwa msomaji wa matangazo ya vifo.
Studio chumba kimoja, Kanyenye,
trei za mayai zimegandikwa ukutani zimeze mwangwi,
shilingi mia tano kwa tangazo, rambirambi bure.
"Familia inasikitika kutangaza kifo
cha bibi yao mpendwa, kilichotokea ghafla."
Akasoma. Wiki iliyofuata akasoma tena.
Bibi wa nne, akaweka kidole juu ya karatasi
akamuuliza kijana aliyeileta:
Ghafla ya namna gani?
Kijana akatazama viatu vyake.
Vilikuwa vipya.

Akaazima baiskeli ya fundi cherehani,
akashika barabara ya Sikonge, miombo kushoto, miombo kulia,
hadi kwenye bani la tumbaku
alipomkuta Bi Nyamizi akichochea kuni,
usiku wa tano hajalala.
"Mwanangu, moshi huu umesomesha wajukuu sita.
Leo wajukuu wanasema macho haya ni ya mchawi."
Aliandika hivyohivyo, hakutia chumvi.
Mganga alikwisha piga ramli.
Shamba la Nyamizi lilikuwa ekari nne, karibu na maji.
Hilo nalo aliliandika, akalipigia mstari,
kwani, aliniambia baadaye, ukitaka kumjua mchawi
anza kuuliza mpaka wa shamba.

Mhariri wetu, Bwana Kapalata, alivua miwani.
"Kalunde, hii ni redio ya salamu.
Andika ghafla. Neno zuri, halimdai mtu."
Akaandika: kwa panga.

Mawe juu ya bati, usiku tatu.
Kuku asiye na kichwa mlangoni
(alimnyonyoa, akamla; alisema njaa haina ushirikina).
Kisha akahamishiwa bei za mazao,
miezi kumi na mmoja ya asali na karanga,
na mji mzima ukajifunza kusikiliza bei:
"Asali, debe, imepanda kidogo. Karanga zimeshuka
kule kijijini ambako Bi Wande halali kwake tangu Jumanne,
na mwenyekiti wa kijiji anajua kwa nini."
Jumatano mwenyekiti alikuja mjini na shati limelowa jasho.
Bi Wande alirudi kwake.

Sitaki kumpamba. Alikuwa mkali, alisahau madeni,
mwanawe alilelewa na jirani.
Mahakamani alikalia benchi la nyuma miaka tisa
akihesabu neno jingine, imeahirishwa:
mara arobaini na moja kwa kesi moja.
Daftari kumi na saba ninazo mimi, zimefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Waliofungwa jela, humo ndani, ni wawili.

Na Nyamizi? Nyamizi alikufa kitandani, Isevya.
Kalunde alilisoma mwenyewe tangazo lile, polepole,
kama mtu anayehesabu chenji mbele ya mwenye duka:
"Amekufa kwa pumu. Miaka themanini na moja.
Macho yake yalikuwa mekundu hadi mwisho."

Siku hizi ninasoma mimi.
Jana alikuja, anapapasa ukuta,
akafungua fundo la kanga, akatoa karatasi.
Tangazo lake. Amebakiza nafasi ya tarehe.
Chini, kwa mwandiko unaopanda mlima:
Sababu iulizwe hospitali ya Kitete. Isipojulikana,
semeni haijulikani.
Nikamwambia, Bi Kalunde, bado upo.
Akasema, ndiyo maana nimeileta kwa miguu.

Nje watoto wa shule walikuwa wanacheza rede.
Walipomwona, mpira ukasimama.
Macho yake, nayo, sasa ni mekundu.
Mmoja alinong'ona neno, sikulisikia; yeye alilisikia.
Akainama kwao, akayapanua kwa vidole viwili,
jicho la kulia, halafu la kushoto.
"Tazameni vizuri. Hili ni vumbi la barabara ya Sikonge."
Kimya.
Kisha kabinti kenye mpira kakauliza, "La lini?"
Naye, taratibu, magoti yakilia,
akaketi ngazini amweleze.