Sikio Lisilokufa

Dundee, saa kumi na mbili kasorobo alfajiri.
Mvua inakuja ubavuubavu, inapiga dirisha la maabara.
Nafungua kabati la joto: sahani kumi na nne,
vifuniko vimetoka jasho.

Wadudu wa kisonono wamelala humu usiku kucha
juu ya damu iliyochemshwa, rangi ya kakao,
na katikati yao kiduara cha karatasi,
kifungo cha shati la mtoto,
kimelowa dawa.
Dawa ikisikika, pembeni yake hubaki patupu,
kama uwanja uliofagiwa.

Mwaka juzi uwanja ulikuwa milimita thelathini.
Mwaka jana ishirini na mbili.
Leo, sampuli 4471,
rula haina pa kulala.

Ishbel wa kliniki anapiga simu. Namwambia.
Nasikia kijiko kikigonga kikombe.
Yeye anamjua mtu; mimi nina namba tu.
"Alifuata kila tulichomwambia," anasema.
"Vidonge viwili kila baada ya tendo, kabla siku tatu hazijaisha.
Kaswende haikumgusa. Klamidia haikumgusa.
Mwaka mzima amelala usingizi."

Usingizi nao ni afya. Nimnyime kwa lipi?

Kinga ni bora kuliko tiba, sawa,
ila hapa kinga na tiba zinachota mtungi mmoja.

Na mimi sina jiwe la kurusha.
Korogwe, nina miaka tisa, nilinunua rangi mbili dukani,
vidonge viwili, maana hela iliishia hapo.
Kimoja nilimeza.
Kingine nilikipasua, nikamwaga unga wa njano
kwenye kidonda cha goti. Kikakauka.
Nani alihesabu waliobaki hai?

Kwenye fomu naandika herufi yao.
Kichwani naandika yetu: sugu,
neno lilelile la kiganja cha mshika jembe,
ngozi iliyoguswa, ikaguswa,
mpaka ikaacha kuhisi.

Sikio la kufa halisikii dawa, mlisema, wahenga.
Njooni mlione hili:
halisikii, na halifi.
Linazaa.

Ipo sindano moja bado. Hiyo inasikika.
Ishbel ataichoma saa nne.
Tunaitaja kwa sauti ya chini, mimi na yeye,
sahani zikiwa wazi mbele yangu.