Fomu Namba Saba

Tume imekaa darasa la tatu, huku Chamwino;
ubaoni bado kuna hesabu za kugawanya.
Mimi ni karani. Nauliza, naandika:
jina, umri, kijiji cha awali, hasara.

"Nyemo Masinjila. Umri kadiria mwenyewe.
Kijiji, Isanzwa."
Natafuta kwenye kompyuta. Mfumo hauijui.
"Sasa mimi nilihamishwa kutoka wapi,
hewani?"

Hasara: tembe moja, paa la udongo,
ghala la uwele, na uwele wake ndani,
jiwe la kusagia alilorithi kwa mamaye,
halikupata nafasi kwenye lori.
"Andika na moshi."
Moshi hauna safu. Nauandika pembezoni
kwa kalamu, chini ya nembo ya taifa.

Anayefuata ni Chibehe Ndahani.
Benchi zima linanyamaza.
Mwaka ule alivaa sare ya mgambo,
kiberiti mfukoni.
"Nilianza na ya kwangu," anasema,
"wasije wakasema napendelea."
Fomu ina neno moja tu: mwathirika.
Kalamu inasita.

Nyemo hajaondoka. Ameegemea mlango,
anajifunga upya khanga.
"Mwandike. Paa lake nalijua,
nililikandika kwa mikono hii, mwaka aliooa."

Kisha, akiwa tayari nje, juani,
bila kugeuka:
"Ila moshi ni wangu.
Usimgawie."