Mkia wa Kamba

Kisasa, saa saba, jua la Oktoba limekaza.
Mama katoka Mvumi na viatu vya kanisani,
anakagua sinia jeusi: wali kiduchu,
figili iliyokunwa, bakuli lenye kifuniko,
na vitu vilivyovishwa unga mwembamba
unaolia ukiguswa.

"Hiki?"
Boga.
"Na hiki?"
Bamia, mama.
"Bamia imetiwa shela!"
Na huyu ni kamba.
"Kamba? Ya kwetu hufunga mbuzi."

Vijiti akavilaza pembeni, akanawa,
mkono wa kulia ukashuka.
Ndahani, mpishi, mtoto wa Kongwa,
akachungulia kutoka jikoni, akacheka na mwiko wake.

Mimi nilikuwa kwenye bei:
elfu ishirini na mbili. Nikaigeuza uwele,
nikaimeza na chai isiyo na sukari.

Kwenye supu akakuta mwani, unateleza.
Akatulia. Akaonja tena.
"Mlenda," akasema, wala hakuuliza.
"Kumbe hata wao."
Akalinyanyua bakuli, akalirudisha tupu.

Ukabaki mkia, mwekundu, mkavu.
Akaufunga kwenye karatasi laini,
akautia mkobani pamoja na funguo:
"Mwaja haniamini bila ushahidi."