USILA

Injini ilitoka kwenye Haisi iliyolala ubavu kule Usagara,
pikapu ni la Bi Malagila, la barafu na dagaa,
na mimi ndiye mshenga wao.
Mahari imekubaliwa. Bado menifoldi.

Hii niliipata Buzuruga, kwenye rundo la chuma chakavu,
kwa bei ya kilo, pamoja na masufuria yaliyotoboka:
makoromeo manne ya alumini, meusi ndani
kama paa la jiko la kuni,
na shingo inayotazama kushoto, kwenye betri,
mahali ambapo pikapu hili
halina nafasi hata ya kupitisha kiganja.

Nikaikata.
Shigela akafumba macho, kijana wa watu,
kama anayeona mbuzi wa kwao akichinjwa.
Nikaigeuza shingo, nikamwita Mtesigwa mwenye argoni,
akachomelea huku akilalamikia bei ya gesi,
ushanga juu ya ushanga, mstari mzuri
uliopinda mara moja tu, pale alipokohoa.
Pale napajua. Kidole gumba changu kinapajua.

Gasketi mpya nikaibandika usoni kwa grisi,
nikachora matundu yake kwa msumari,
na kilichojitokeza ndani ya mstari
nikakila kwa tupa ya mviringo.
Si kwa grainda. Grainda ina haraka ya mlevi,
na alumini uliyokwisha kuila huirudishi.

Uso ulikuwa umepinda nusu ya unywele.
Nusu ya unywele inatosha; hewa ni mwizi mwembamba.
Nikalaza kioo cha dirisha juu ya jiwe
(huku Igogo jiwe halikosekani,
gereji yenyewe ina kuta mbili, wa tatu ni jiwe),
nikatandika msasa, nikamwaga maji,
nikaizungusha nane, nane, nane,
mpaka kijivu kikawa kimoja.

Ndipo nikaigeuza kusafisha tumbo,
msasa namba themanini, macho kwingine, simu begani,
kesho, mama, kesho jioni,
na mkono ukahisi mikwaruzo chini ya uchafu.
Maandishi. Fundi mwingine, ncha ya kitu kikali,
herufi kubwa za mtu asiyezoea kuandika:
USILA
na baada ya hapo, mng'aro.
Mimi ndiye niliyefuta.

Usilazimishe? Tundu la pembeni lina uzi unaokaribia kufa,
labda alikuwa ananionya.
Usilale? Labda alijiandikia mwenyewe, usiku, taa ya mkononi.
Shigela anasema ni usilaumu.
Nikamuuliza nani, kwa lipi. Akainua mabega,
akarudi kuosha nati kwenye petroli.

Rangi ya fedha, ile inayovumilia moto.
Mkono wa kwanza ukaharibiwa na wadudu wa ziwani;
walipanda kutoka majini kama moshi,
wakafia pale kwa mamia, mbawa zimekunjwa.
Nikakwangua. Mkono wa pili nikaupeleka
kwenye tanuri la Bi Sakina, baada ya mikate ya mwisho.
Sharti lake: isiguse sinia, na nisimwambie mtu.
Asubuhi nilinunua skonzi mbili, kwa adabu,
nikazinusa kwanza.

Leo imekaa. Bolti tisa, kuanzia katikati kwenda nje,
ile ya pembeni kwa vidole, polepole, sikulazimisha.
Povu la sabuni kwenye maungio: halipumui.
Chini ya tumbo, pasipoonekana na yeyote
isipokuwa fundi wa baada yangu,
zile herufi tano nilizizungushia rangi, sikuzipaka.
Nilishika msumari nizimalizie.
Nikafikiri. Nikaurudisha mfukoni.

Bi Malagila ameketi kwenye usukani, ufunguo mkononi,
hataki kusikia habari za alumini.
Washa, nikamwambia.
Ikakohoa, kama Mtesigwa.
Ikakohoa tena.