Taarifa ya Siku Tatu

Mimi hupiga chapa barua za watu
kando ya barabara ya Naboa, mjini Mbale,
chini ya mwavuli uliochakaa wa kampuni ya simu,
kwa mashine ambayo herufi yake ya "r" hupanda juu
kama mtu anayechungulia ukuta.
Barua ya kuomba kazi, shilingi elfu mbili.
Ya talaka, elfu tatu, na pole ni bure.
Ya kuwaarifu polisi kwamba mnataka kuandamana, elfu tano,
maana ina nafasi nyingi za kujaza,
nami nimezikariri kama sala:
jina la mwandalizi, namba ya kitambulisho,
njia mtakayopita, idadi yenu,
saa ya kuanza, saa ya kunyamaza,
na lengo, kwa kifupi.
Iwasilishwe siku tatu kabla.

Jumanne mvua ilishuka kutoka Wanale bila kupiga hodi.
Saa tisa walimu walifungua geti.
Saa tisa na robo, pale Namakwekwe,
mtaro usio na kifuniko ukammeza Wambede wa darasa la pili,
na mkoba wake wa kijani
ukaelea hadi mto Nabuyonga.

Saa kumi na moja wakaja.
Hakuna aliyewaita.
Muuza nyanya alifunika nyanya zake akafuata,
vijana wa bodaboda walizima injini, wakasukuma pikipiki kwa mikono,
Nabifo alitoka saluni, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama.
Mbele yao Khainza, mama wa mtoto,
miguu mitupu, mkononi kiatu kimoja.
Yeye hakupiga kelele. Vifuniko vya sufuria ndivyo vilivyopiga.

Afande Okiror akawasimamisha penye mnara wa saa.
Si mtu mbaya; fomu za shule za mwanawe nilizipiga mimi.
Akatoa karatasi mfukoni, imelowa kwenye mikunjo:
"Mwandalizi ni nani?"
Kimya. Kisha sauti ya nyuma: "Mvua."
"Njia yenu?"
"Ile ile ya maji."
"Mko wangapi?"
Khainza akageuka, akahesabu kwa kidole, taratibu,
kama ahesabuye sahani za chakula cha jioni.
"Tumepungua mmoja," akasema.

Afande akaikunja karatasi.
"Utaratibu unataka siku tatu," alisema, safari hii kwa sauti ya chini.
"Nendeni mkaandike, mrudi Ijumaa."
Umati mzima ukageuka kunitazama mimi.

Chini ya meza ninalo boksi la nakala za kaboni.
Nakala ya mtu simwoneshi mwingine, ndiyo kazi yangu ilivyo.
Siku ile mkono ulikwenda wenyewe.
Ya Februari: mtaro wa Namakwekwe hauna kifuniko.
Ya Mei: tunakumbusha.
Ya Agosti: tunakumbusha tena, kwa heshima zote,
na kila penye neno mtaro
"r" imepanda juu, kama inayakimbia maji.
Zote zina muhuri wa baraza: IMEPOKELEWA.
Zote nililipwa.

Akazisoma manyunyuni, wino ukimshika vidole.
"Hizi zina siku ngapi?"
"Mia mbili na kumi, Afande. Na ushee."

Hakusema piteni.
Alikwenda tu kuiegesha pikipiki yake upande wa pili,
akachelewa sana kuifunga kufuli,
na barabara ikabaki wazi.

Ijumaa Khainza alikuja mwenyewe kujaza fomu,
kwa sababu Afande aliihitaji kwenye faili.
Jina, akataja. Njia, akataja.
Tarehe tuliirudisha nyuma, Mungu atusamehe.
Lengo, kwa kifupi?
Vidole vyangu vikangoja juu ya herufi.
Alitazama mlima muda mrefu.
"Hapo acha wazi," akasema.

Ningependa kuandika kwamba pesa sikuchukua.
Nilichukua elfu mbili,
ya karatasi na utepe.